Mzee Salimu, Muziki wa Goa na Kengele Asiyoisikia

Ninyi mnaofungua studio za kompyuta Tarime mjini na Mugumu mmeniomba niwaambie machache kuhusu kazi. Sina hamu kubwa. Nilinakili na kurekodi kanda kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya niliyoyajua imekufa pamoja na kaseti zenyewe. Mgongo unauma na maneno yanakuja polepole. Lakini mmeniuliza kuhusu muziki wa Goa, na sijui nani aliwaambia kwamba mimi, Ghati, mwanamke wa Kikurya, naufahamu muziki huo. Basi sikilizeni, na mkichoka mseme, maana mimi nimeshachoka tayari.

Goa ni mahali pa pwani huko India. Vijana wa Kizungu walikusanyika kule wakacheza muziki wao wa mashine mpaka jua likachomoza, na muziki ukachukua jina la pale. Hauna mwimbaji. Mdundo mmoja unakimbia chini kama moyo wa mtu anayefukuzwa na ng'ombe dume, na juu yake vinanda vya umeme vinajisokota, kimoja kinaingia, kingine kinatoka. Wimbo mmoja unachukua dakika tisa.

Mimi niliujua Nyamongo, wakati kila mtu mwenye mikono miwili alikuwa anakuja kutafuta dhahabu. Nilikuwa na kibanda cha mabati, mashine mbili za kanda, moja ya sidii, amplifaya moja, na jenereta nyuma ya ukuta. Mtu wa Ufini aliyeitwa Yuha, fundi wa mashine za kuchoronga miamba, aliniletea sidii akitaka nimtengenezee kaseti ya kusikiliza kwenye gari lake. Niliiweka, nikasubiri. Dakika ya pili ikapita, ya tatu, naona ni kitu kile kile. Nikaizima. Alipokuja jioni nikamrudishia.

"Bwana, sidii yako imekwama."

Akaiangalia, akaifuta kwa shati. "Imekwama wapi?"

"Mwanzoni. Haiendi mbele."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Kisha akaniomba niiweke tena, na akawa ananyoosha kidole kila kitu kipya kilipoingia. "Sasa. Umesikia? Na sasa." Nilikuwa sijasikia. Mimi fundi, ninayelipwa kwa masikio yangu, nilikuwa sijasikia. Aibu ile ndiyo iliyonifanya niendelee kusikiliza.

Alirudi mara kwa mara. Kaseti ya kwanza niliyompa alinirudishia akasema muziki umelewa. Nikabisha. Tukakaa tukasikiliza pamoja, na kweli, mdundo ulikuwa unalegea na kukaza. Ilikuwa jenereta. Kila mara fundi wa jirani, niliyemuunganisha kwenye jenereta ile, alipowasha mashine yake ya kuchomelea, umeme wangu ulipungua na kanda ikapunguza mwendo. Nyimbo za kwaya zilikuwa zinaficha kosa hilo, maana watu wakiimba huyumba wenyewe. Muziki wa Goa hauyumbi, kwa hiyo haukuficha kitu. Miaka yote ile nilikuwa nauza kanda zilizolewa na hakuna aliyeniambia. Nikanunua mashine ya kusawazisha umeme.

Wanamuziki wenyewe majina yao yalinishinda, tukawapa majina yetu. Kulikuwa na Fundi Cherehani, ambaye kinanda chake kilikwenda kama sindano kwenye kitambaa kigumu. Nilimpenda. Aliongeza kitu kimoja, akakiacha ukizoee, ndipo akaleta cha pili. Kulikuwa na Mwenye Haraka, anayerundika kila alichonacho kabla hujakaa vizuri, kama mama anayepakua ugali, nyama, wali na maharage kwenye sahani moja. Huyo sikumpenda na sitampenda. Na kulikuwa na watu wawili tuliowaita Mapacha, ingawa Yuha alisema hawana udugu. Hao katikati ya wimbo waliondoa kila kitu, wakaacha sauti moja nyembamba, halafu wakarudisha mdundo, na wewe unajikuta umesimama.

Yuha siku moja alimsikia mzee mmoja wa Nyanungu akipiga iritungu, kinubi chetu cha Kikurya, mbele ya kibanda changu, ule mvumo mzito wa nyuzi unaorudia na kurudia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyu hahitaji umeme." Mzee akaniuliza kwa Kikurya mzungu anasema nini. Nikamwambia anakusifu. Akasema, "Mwambie anunue kanda, basi."

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Salimu, kwa sababu bila yeye hakuna cha kusimulia.

Mzee Salimu alikuwa fundi redio Tarime mjini. Wazazi wake walitoka Tanga, yeye alizaliwa huku huku. Alinipokea nikiwa msichana niliyeacha shule, wakati mafundi wengine waliniuliza kama nimepotea njia. Alinifundisha kusafisha hedi ya mashine, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa spiriti na pamba, kila asubuhi, hata kama hujaitumia jana. Alinifundisha kukaza ule mskrubu mdogo wa hedi kwa kusikiliza, robo ya robo ya mzunguko, mpaka sauti ya juu ifunguke. Alinifundisha kusikiliza kanda nikiwa nje ya mlango, kwa sauti ndogo, kwa sababu kazi mbaya hujificha ndani ya kelele. Nilimwamkia shikamoo kila siku ya maisha yake, na kila siku aliitikia kama vile ndiyo mara ya kwanza.

Nilipohamia Nyamongo tuligawana kazi. Yeye alirekodi Tarime: kwaya, kaswida, wapiga iritungu. Kisha alifanya ile kazi ya mwisho, ambayo ninyi mnaiita kumasta na sisi tuliita kunyoosha: kupima besi na sauti za juu, kuamua mshale wa kupima sauti ufike wapi, kutoa kanda mama ambayo nakala zote zitazaliwa kutoka kwake. Aliniletea kanda mama kwa gari la mizigo, mimi nikanakili na kuwauzia wachimbaji.

Soko la Nyamongo lilikuwa kelele tupu. Karasha zinasaga mawe, pikipiki zinapita, na kila duka lina spika mlangoni inayoshindana na ya jirani. Katika kelele ile, kanda kali ndiyo inayosikika. Kanda za Mzee Salimu zilikuwa zinaanza kuwa kali, na mwanzoni wateja walizipenda. Kisha zikazidi. Marwa, mwenye duka la redio mkabala na mimi, akavuka barabara na kaseti mkononi.

"Dada Ghati, hii inachoma. Kila mwimbaji akisema 'si' ni kama nyigu kaingia sikioni."

Nilidhani ni mimi. Nikasafisha hedi, nikakaza mskrubu, nikabadilisha waya. Nikajaribu kwenye redio mbovu, nikajaribu kwenye redio nzuri. Kosa halikuwa kwangu, na sikutaka kufikiri zaidi ya hapo.

Wakati huo Yuha alirudi kutoka likizo na sidii mbili za Mapacha. Ni kazi ile ile, nyimbo zile zile. Moja ilikuwa ya zamani, nyingine imenyooshwa upya na kampuni nyingine. Tukazisikiliza Jumapili nzima. Ile mpya ilikuwa na sauti kubwa tangu sekunde ya kwanza, na dakika kumi baadaye nikataka kutoka nje. Waliisukuma yote juu, kidogo na kikubwa vikawa sawa, kama chapati iliyokandamizwa mpaka haina tabaka. Ya zamani ilikuwa ndogo, ikakulazimisha uinue kitasa cha sauti mwenyewe, lakini ukishainua unaona nyuma ya mdundo kuna nafasi, na ndani ya nafasi kuna vitu vinatembea. Mimi na Yuha tulikubaliana, jambo lisilotokea mara nyingi.

"Mlete mwalimu wako," akasema. "Tumsikie yeye."

Mzee Salimu alikuja Jumapili iliyofuata, kanzu yake imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Aliketi kwenye kiti changu, mimi nikasimama. Nikamwekea ile ya zamani. Alisikiliza kama alivyosikiliza siku zote, kidevu kifuani, mikono imelala mapajani.

"Besi nzuri sana," akasema. "Huyu anajua kazi, hamwagi. Lakini juu hakuna kitu. Amefunika blanketi."

Yuha akanitazama. Ile ndiyo sidii iliyokuwa na sauti za juu safi kuliko zote alizokuwa nazo.

Tukafika pale katikati ya wimbo ambapo wanaondoa kila kitu. Mdundo ukakatika, besi ikakatika, ikabaki kengele moja, nyembamba, ya juu kabisa, inalia peke yake. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa naisubiri mimi. Mzee Salimu akainua kichwa.

"Imekwisha?"

Akanyoosha mkono kwenye kitufe.

Kengele ilikuwa inalia. Yuha alifungua mdomo. Nikamwahi.

"Imekwisha, mzee," nikasema, nikaizima mwenyewe.

Yuha alisubiri mzee apande gari. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Kwa nini ulisema imekwisha?" Nikamwambia kwetu mtu hamwambii mwalimu wake kitu kama hicho mbele ya mgeni. Akasema, "Sasa mgeni naondoka. Mwambie kesho." Sikumwambia kesho. Sikumwambia mwezi ule wala uliofuata.

Nilichofanya ni hiki, na ndicho nilichotaka mkijue, hayo mengine ni maneno ya kujaza. Kila kanda mama iliyofika kutoka Tarime niliipitisha kwenye ikwalaiza, nikashusha vitasa viwili vya mwisho, vya zile sauti za juu alizokuwa anaziongeza bila kuzisikia, nikarekodi kanda mama mpya, nikanakili kutoka hiyo. Ya kwake niliificha kwenye sanduku chini ya meza. Malalamiko yakaisha. Marwa akasema, "Mzee amepona." Mzee Salimu akija kuuliza habari nikamwambia kanda zinakwenda vizuri, na kweli zilikwenda. Nilijiona mtu mwema. Nilikuwa nachoka, maana kila kazi niliifanya mara mbili, lakini nilijiambia huo uchovu ndio shukrani yangu kwake.

Ikapita zaidi ya mwaka. Kisha madrasa ya Tarime wakaandaa sherehe ya watoto kuhitimu, wakamwomba Mzee Salimu arekodi kaswida zao. Alizirekodi, akainyoosha kanda, akaipeleka mwenyewe. Haikupita kwangu. Haikuwa na sababu ya kupita kwangu.

Sikuwepo, nilisimuliwa na mke wake. Ilikuwa baada ya swala ya adhuhuri, wazazi wamejaa uani, spika mbili kubwa mbele. Wakaweka kanda. Watoto waliokuwa mstari wa mbele, wale wale waliokuwa wanaimba kwenye kanda ile, wakaziba masikio. Watu wazima wakakunja nyuso. Mwenye amplifaya akazungusha kitasa cha sauti za juu mpaka mwisho wa kushoto, na bado. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mzee Salimu alikuwa amesimama pembeni, anasikia kaswida nzuri, laini, na mbele yake watoto wameziba masikio.

Hakuuliza mtu. Kesho yake asubuhi alikuwa Nyamongo. Hakuja kwangu kwanza, alikwenda kwa Marwa, akaomba kanda yake yoyote, akaomba iwekwe. Mimi nilimwona kutoka ng'ambo ya barabara na nikajua.

Mzee Salimu alikuwa na desturi moja. Mwanzo wa kila kanda mama aliacha kimya cha pumzi saba, ili mashine ya mteja ipate mwendo sawasawa kabla ya sauti kuingia. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, hakutumia saa. Mimi sikuwahi kuwa na subira hiyo. Kanda zangu niliziacha pumzi nne, wakati mwingine tatu.

Akavuka barabara. Nikamwamkia. Hakuitikia.

"Pumzi nne," akasema. "Hii si kazi yangu. Nani ananisahihisha?"

"Ni mimi, mzee."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Akataka kuona. Nikavuta lile sanduku chini ya meza, akaona kanda zake zote, zimepangwa na mwandiko wake juu, hakuna hata moja iliyotumika. Akazihesabu kwa macho, akakaa.

"Nilijua," akasema. "Pale uani kwangu kuna ndege. Wakaacha kuimba. Nikasema wamehama kwa sababu ya moshi wa gereji. Mke wangu akaniambia wapo, wanapiga kelele mpaka kero. Nikaogopa. Nikasema nitaangalia kazi. Kazi ikiharibika nitaacha." Akagusa sanduku kwa mguu. "Kazi haikuharibika. Kila mwezi unaniambia zinakwenda. Nikasema basi, Salimu, bado unasikia vya kutosha."

"Ungeniambia siku ile nilipouliza kama imekwisha," akasema. "Mimi niliona uso wa yule mzungu. Ningeumia nikiwa na watu wawili. Jana nimeumia mbele ya mji mzima."

Akaondoka. Hakuchukua sanduku.

Miezi ile iliyofuata sitaisimulia sana. Nilikwenda Tarime mara tatu. Mke wake alinipa chai, akaniambia mzee amelala. Mara ya tatu niliona kivuli chake kikitembea nyuma ya pazia. Yuha naye mkataba wake ukaisha. Alipokuja kuaga aliniachia zile sidii mbili za Mapacha, akauliza kama nimeshamwambia mzee. Nikamwambia mzee amejiambia mwenyewe. Akatikisa kichwa, akanipa mkono, akaenda zake.

Nilirekodi mwenyewe wakati huo, na nawaambia ukweli, kazi zangu zilikuwa nyembamba. Nilikuwa nasikia juu vizuri, lakini chini sikuwahi kuwa na masikio ya Mzee Salimu. Besi zangu zilivimba au zilikauka. Sikuwahi kujua, kwa sababu miaka yote chini alikuwa ananyoosha yeye.

Siku moja kondakta wa lile gari la mizigo akanirushia bahasha. Ndani kulikuwa na kanda ya mzee wa iritungu wa Nyanungu, imerekodiwa Tarime, na kikaratasi chenye mwandiko ninaoufahamu. Kiliandikwa: *Chini nimemaliza. Juu sijagusa, fanya wewe. Na uache pumzi saba.*

Nilikaa na kanda ile siku nzima. Ule mvumo wa nyuzi nzito ulikuwa umekaa mahali pake kama jiwe la kusagia, na juu kote ameniachia wazi. Nikafungua kidogo tu, nyuzi nyembamba zipumue, nikamrudishia aisikilize. Akaongeza mstari mmoja kwenye kikaratasi kile kile: *Mke wangu anasema ni nzuri.* Tangu hapo kila kitu kilisikilizwa na watu watatu: yeye chini, mimi juu, na mke wake mlangoni akiwa na unga mikononi. Sikuwahi kufanya kazi bora kuliko zile. Hatukulizungumzia tena lile jambo. Aliniitikia shikamoo zangu, lakini hakurudi kuniita mwanangu kama zamani, akaniita Ghati mpaka mwisho.

Kisha zikaja sidii za kuchoma, zikaja flashi, zikaja simu. Wachimbaji wengi wakahama kufuata dhahabu kwingine. Mzee Salimu alikwenda kuishi kwa binti yake Tanga na akafia huko, nikapata habari wiki mbili baadaye. Mimi niliuza mashine, nikarudi kulima. Sidii za Mapacha ninazo, ila cha kuzipigia sina.

Mnaniuliza mastaring ya sasa ikoje. Ninayoisikia kwenye bodaboda zenu ni ile sidii ya pili ya Yuha, chapati iliyokandamizwa. Pengine ni lazima, barabarani kuna kelele. Mimi siwezi kuwahukumu tena, na sababu ni hii.

Mwaka uliopita walikuja watu wa afya kwenye zahanati yetu kupima masikio bure. Nilikwenda kwa sababu jirani alinivuta. Muuguzi alikuwa binti mpole wa Iringa. Aliniamkia, akanivalisha hedifoni, akasema nikisikia mlio, hata mdogo namna gani, niinue mkono. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni fundi wa sauti.

Milio ya chini niliisikia vizuri. Ikapanda, nikasikia. Ikapanda tena, na nikaanza kuona kwamba kila anapobonyeza kitufe, bega lake la kulia linashuka kidogo. Bega likishuka, nainua mkono. Likishuka, nainua. Nikawa naona nakwenda vizuri. Akaandika, akanitazama, bega likashuka, nikainua mkono, bega likashuka, nikainua.

Akanivua hedifoni taratibu.

"Mama," akasema, "mara nne za mwisho sikubonyeza kitu. Nilikuwa najikuna mguu."

Nikashusha mkono. Nje kulikuwa na foleni ya watu, wengine wananifahamu. Nikamwambia asogeze kiti changu, kitazame ukutani, tuanze upya.